Rambirambi za Mama Aliye Hai

Nyumba yetu ya Kitahana, wilayani Kibondo, ilinuka mihogo iliyolowekwa. Mama aliianika juu ya mwamba nyuma ya jiko, na pikipiki ngeni ikisikika barabarani aliacha kila kitu akaingia migombani. Alizaliwa Burundi, akavuka akiwa msichana, akaolewa na baba, Muha wa hapohapo, lakini karatasi hakuwa nayo hata moja. Nilijua siku moja watu wa uhamiaji watamchukua na kumrudisha. Nilikuwa na miaka tisa, tumbo liliniuma kila asubuhi, na zahanati hawakuona ugonjwa.

Basi mwalimu wetu wa darasa, mama mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akaanza kujaza daftari la wanafunzi: baba kazaliwa wapi, mama kazaliwa wapi. Zamu yangu ilipofika nikasema mama amekufa. Nilijiona mjanja kwelikweli, maana marehemu hafukuzwi nchini. Nilichosahau ni desturi ya shule yetu: mwenzetu akifiwa, darasa zima huenda kuhani. Kesho yake mchana wenzangu wote walipandisha njia ya kwetu, kila mmoja na ukuni kichwani, mwalimu mbele na mfuko wa maharage. Mama alikuwa mwambani akigeuza mihogo. Hakukimbia, kwa kuwa hakusikia pikipiki.

"Poleni na msiba," mwalimu akasema. "Wewe ni nani wake marehemu?"

"Marehemu yupi tena, mwalimu?"

"Mama yake huyu."

"Mama yake si ndiye mimi!"

Nikaangua kilio. "Ningesema ulikozaliwa wangekuchukua!"

Mwalimu akageukia darasa. "Pangeni kuni hapo. Tumekuja kumsalimia mama." Daftarini, pa kuandika mama kazaliwa wapi alipaacha wazi. Mama hakunichapa. Alikuwa hajui kama naogopa kiasi kile, na ndilo lililomliza. Tangu siku hiyo pikipiki ikipita nami nipo, alibaki palepale akigeuza mihogo, asiingie migombani.

Sasa mama ni raia, ana cheti na kitambulisho. Mwezi uliopita nilimfuata Kibondo nimlete kwangu Kasulu. Kwenye kizuizi ofisa akapanda basi kukagua vitambulisho. Mama akatoa chake bila hata kumtazama, akaendelea kumsimulia jirani habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha. Ofisa aliposhuka, mama akanigeukia.

"Niachie mkono, mwanangu. Unaniumiza."