Ngoma za Mama Elisha na Jiko la Mlinzi

Nilimchunguza Mama Elisha miezi miwili kabla sijajua jina lake. Msinicheke. Mlinzi kazi yake ni kuchunguza, na pale Makole, Dodoma, kwenye ghala la zamani la mahindi lililogeuzwa ukumbi wa sanaa, asubuhi hakuna cha kuchunguza zaidi ya mbuzi wa watu na wafagiaji wa barabara. Yeye alikuwa mfagiaji. Kila siku nikishafungua mlango wa ukumbi uingie hewa, alikuja, akaegemeza fagio ukutani, akaingiza kichwa ndani, akagonganisha viganja mara moja. Pa! Akasikiliza. Kisha akachukua fagio lake akaenda zake.

Kofi moja tu! Kila siku ya Mungu! Nikasema huyu mama ama ana maombi yake, ama fyuzi zimeruka. Nilifika nyumbani nikamsimulia hadi binti yangu Ikram, naye akaniambia, "Baba, si umuulize tu?"

Kesho yake nikauliza. "Mama, hilo kofi unampigia nani?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Kwenu Kondoa watu hawasalimiani?"

Nikaona haya. Lafudhi yangu ya Kirangi imeniumbua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nalipigia paa. Bati linarudisha sauti, na sauti ikirudi mara mbili ngoma inakuwa fujo. Natafuta pa kukaa."

Ngoma? Mfagiaji? Udadisi ukanishinda, nikamruhusu aingie. Akatembea ukumbi mzima akipiga makofi, mpaka kwenye nguzo ya tatu upande wa kushoto akasimama, akacheka peke yake. "Hapa." Nami nikapiga kofi pale. Sikusikia tofauti yoyote, ila nilitikisa kichwa kama mtaalamu.

Kuanzia siku hiyo nikawa namdodosa kila asubuhi, kidogo kidogo, na yeye hakuwa mchoyo wa maneno. Jina lake Cecilia Mlewa, Mgogo wa Mvumi. Ngoma ya muheme alifundishwa na bibi yake, maana kwa Wagogo ngoma ile ni ya wanawake: unaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono, wanaume wacheze. Aliolewa Chang'ombe na fundi baiskeli, akazaa watatu, wa kwanza ndiye Elisha, mume akafariki, akashika fagio. Mwaka wa kumi na moja sasa anafagia jiji hili linalokua kila uchao.

Na jiji lilipokua, likamfukuza. Kikundi chake, Nyemo, kilikuwa na wanawake kumi na wawili, wakifanyia mazoezi kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba zao. Kiwanja kikapata mwenyewe, leo kina ghorofa tatu. Wakahamia uani, majirani wakalalamika. Wakabaki saba. Kazi yao ikawa kuitwa uwanja wa ndege akija mgeni mkubwa: wanapiga juani kwa saa tatu, wanapewa soda, wanarudi.

"Tunayapigia magari, baba Ikram," aliniambia. "Vioo vimefungwa." Maneno yale yaliniuma, sifichi.

Ukumbi wetu ulikuwa unatafuta vikundi vya kupewa Jumamosi bure, pa kufanyia mazoezi na kufundisha watoto. Usaili ulipangwa mwishoni mwa Januari. "Tukikosa hapa," akasema, "tunagawana ngoma, kila mmoja aende na yake. Nimeshawaambia wenzangu."

Siku ya usaili, mvua! Dodoma hii unaiomba mvua mwaka mzima, halafu inachagua siku yake. Ngoma zilifika kwa bajaji, zimefunikwa nailoni, lakini unyevu haubishi hodi. Nikagonga moja kwa kidole. Bu. Kama boksi la sabuni. Ngozi zote zilikuwa zimelegea, na ilibaki nusu saa zamu yao ifike.

"Tunahitaji moto wa kuzikaza," akasema Mama Elisha.

"Hapana." Hilo bango la MARUFUKU KUWASHA MOTO nililipigilia misumari mimi mwenyewe. Meneja wetu, Ambokile, alishasema kikundi kitakachowasha moto kitaondolewa hapohapo, na mlinzi atakayeruhusu asiulize kwa nini amefukuzwa kazi.

Mama Elisha hakubishana. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na lile lililo chini ya meza yako?"

Weee! Jiko langu la mkaa, dogo, nimelificha nyuma ya koti la mvua tangu Aprili, la kahawa ya tangawizi! "Nani kakwambia?"

"Majivu unayatupa mtaroni, baba. Unadhani nani anayazoa?" Kisha akasema taratibu, "Sijamwambia mtu, na ukikataa sitamwambia. Nakuomba tu."

Afadhali angenitisha, ningepata hasira ya kukataa. Nilimfikiria Ikram na ada ya chuo. Nikawatazama wale mama saba, wamelowa, wamekumbatia ngoma zao. Nikainama chini ya meza, nikalitoa jiko.

Tukafunga mlango wa kibanda changu cha ulinzi. Walizigeuza ngoma juu ya makaa moja baada ya nyingine, yeye akigonga na kutega sikio. "Bado. Bado. Usiisogeze sana, itapasuka." Ghafla ngoma ikatoa sauti kali, nyembamba, mpaka nikashtuka. "Hiyo imeamka," akasema.

Ndani kamati iliwaonyesha jukwaa. Mama Elisha akakataa kwa adabu, akawakalisha wenzake kwenye nguzo ya tatu. Wakaanza. Jamani! Mimi sijawahi kuacha lango katika maisha yangu ya ulinzi, siku hiyo nililiacha. Kifua kilitetemeka. Vijana wa kundi lililotangulia, waliokwisha kutoka, walirudi mbio kwenye mvua wakasimama mlangoni vinywa wazi.

Ngoma ziliponyamaza, Ambokile alisimama akinusa hewa. Moshi ulikuwa umetufuata. "Nani kawasha moto hapa?"

"Sisi," akajibu Mama Elisha, akiinuka.

"Mwongo huyo!" Nilipiga kelele hata kamati ikageuka. "Jiko ni langu, mkaa ni wangu, kibanda nimefungua mimi. Na nimekuwa nikiwasha tangu Aprili!"

Jioni Ambokile aliniita ofisini, akanisukumia karatasi mezani. Onyo la maandishi, la mwisho.

"Na wale mama?" nikauliza.

"Saini kwanza."

"Bosi, wale mama?"

Akashusha pumzi. "Kamati imewapa Jumamosi zote, mpaka Desemba. Moto wataukokea nje, nyuma ya choo."

Nikaishika kalamu. Nilikuwa nacheka meno yote nje, mpaka Ambokile akaniuliza kama nimeisoma barua yenyewe.