Muuguzi Aliyefumba Macho

Muuguzi yule wa Sheffield, Uingereza, alikuwa na sauti moja tu. Kwa sauti hiyo hiyo aliwakaribisha watu chai na kuwapa habari za msiba. Mikono yake ndiyo haikutulia: ilinyoosha shuka lililokuwa limenyooka tayari, ikafuta meza isiyo na vumbi. Mutahar, aliyehamia kutoka Yemen mwaka ule, alikuwa akiitazama mikono hiyo tangu asubuhi, mkewe Takia akiwa chumba cha upasuaji. Alasiri muuguzi akamjia. “Mpenzi,” akasema, maana huko kila mtu huitwa hivyo, “she’s come round.”

Mutahar aliyajua maneno yale moja moja: kuja, kuzunguka. “Amezunguka kwenda wapi, dada? Amekufa?”

Muuguzi hakucheka. Aliketi kando yake, akafumba macho, akaangusha kichwa begani, mdomo wazi. Mikono ikatulia kabisa. Kisha akafumbua jicho moja, na la pili, akaangaza huku na huku kama mtu aliyeamka ugenini. “Ni hivyo tu, amezinduka,” akasema. “Na anakuulizia.”

Mutahar akalia bila haya. Muuguzi akamwacha alie, kisha akamshika mkono wakaenda wodini.