Tanbihi ya Watiri

Ngendo hakumpa mtu karatasi iliyoharibika. Aliichoma. Kila jioni alibeba debe nyuma ya jengo letu pale Nyeri mjini, akawasha kiberiti, akasimama hapo mpaka karatasi zote zikawa majivu. Wateja walimcheka wakisema kompyuta imempanda kichwani. Mimi nilikuwa nikishona nguo mlango wa pili, na waliomcheka ningewazaba makofi, kwa sababu nilikuwapo siku alipojifunza tabia hiyo.

Wanafunzi wa chuo kikuu walimletea tasnifu zao zikiwa zimeandikwa kwa mkono, naye akazipanga kwa programu ya WordPerfect: pambizo, sura, marejeo, na tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa yanayosema habari hii imetoka kwa nani. Tanbihi ndizo alizozipenda kuliko vyote.

"Hii mashini iko na akili," aliniambia. "Ukitoa moja, hizo zingine zinajipanga. Hakuna mtu atajua kulikuwa na ingine."

Mwaka wa 1991, Mutahi, kijana wa kwao Giakanja, alikuwa akiandika juu ya Hali ya Hatari, miaka ile ya vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza. Ngendo akampeleka kwa nyanya yake mwenyewe, Watiri, aliyemwita cucu, na ambaye alikuwa amefunga mdomo tangu 1954. Siku hiyo bibi aliufungua. Alisema aliyemkatakata mumewe mbele ya watoto alikuwa jirani yao Kahiga, ambaye siku hizo alikuwa homugadi, akiwalinda Wazungu dhidi ya watu wake mwenyewe. Mutahi akaandika, Ngendo akapiga chapa, na jina la Watiri likaingia kwenye tanbihi.

Mara ya kwanza Ngendo alikosea mpangilio, tanbihi zote zikarundikana mwisho wa sura badala ya kila moja kukaa chini ya ukurasa wake. Akachapisha upya. Kurasa mbovu akampa Murugi, muuza mandazi wa stendi, kama alivyompa siku zote. Nani angetupa karatasi nzuri ya kufungia mandazi?

Kahiga alinunua mandazi. Mtu hakosi kuliona jina lake, hata likiwa limelowa mafuta. Mwanawe, Kihara, alimsomea Kiingereza kilichobaki.

Walikuja kesho yake mchana, Kahiga na gunia lake, Kihara na rungu. Niliposikia kishindo nilidhani ukuta umeanguka, kumbe Kihara alikuwa akipasua printa. Nilipofika mlangoni, Ngendo alikuwa sakafuni, damu zikimtoka puani, na Kahiga alikuwa amemkanyaga mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika.

"Futa hiyo maneno ya cucu yako," Kahiga alisema, taratibu kabisa.

"Guka, wacha cucu. Ni mimi nilipeleka huyo kijana kwake," Ngendo akasihi, akimwita babu hata hapo.

"Futa!"

Kihara alimvuta kwa nywele akamkalisha kitini, akamgonga uso kwenye meza, akamgonga tena. Ngendo akabonyeza kwa mkono wa kushoto. Tanbihi ikapotea, na zilizofuata zikasogea juu kuziba pengo. Ukurasa ulikaa vizuri, kana kwamba Watiri hakuwahi kusema neno.

"Imeisha," Ngendo akasema. "Sasa hautaenda kwa cucu?"

"Nimetoka huko," akajibu Kahiga.

Hapo ndipo nilipolitazama lile gunia. Ncha ya panga ilikuwa imelitoboa, na sakafu chini yake ilikuwa nyekundu.

Sitadanganya kwamba nilifikiri. Nilirudi kwangu nikachukua pasi, imejaa makaa ya moto, nikampiga nayo Kihara shavuni. Alilia kama mtoto, nami nikafurahi. Kahiga alipochomoa panga, wabeba mizigo wa sokoni walikuwa wameshajaa mlangoni na mawe. Walimponda mpaka polisi wakaja kumnyakua. Kama ningeulizwa mimi, polisi wangechelewa kidogo.

Watiri tulimzika peke yake. Mumewe hakuwahi kupewa kaburi.

Mutahi alikuja baada ya mazishi, macho yamevimba. "Dada, wacha tu jina ikae nje," akasema. "Ni hii kitabu yangu imemuua."

"Alisema akitaka kusikika," Ngendo akamfokea, mkono wake ukiwa kwenye plasta. "Kaa chini unyamaze, ama utoke!"

Kompyuta yenyewe ilikuwa imepona. Akaiwasha, akaandika kwa kidole kimoja cha kushoto, herufi moja baada ya nyingine: mahojiano na Watiri, Giakanja, Machi 1991. Kisha akaongeza: aliuawa Julai mwaka huohuo, na huyu aliyemtaja.

Nambari zote zilizofuata zikasogea kumpisha. Ndipo Ngendo akalia, na mimi nikafunga mlango.