Ngozi Yangu Iliponyimwa Usingizi

Nimeombwa nisimame, akina mama, nami sikatai. Nawasikia mnanong'ona kwamba bibi mwenye uso kama wangu hajui taabu ya ngozi. Kaeni mnisikilize.

Nilizaliwa Kimwani, upande wa Muleba, katika nyumba ya Walutheri wakulima. Tangu utoto nilikuwa na ukurutu kidogo viwikoni. Ulikuja ukaondoka wenyewe. Nilikuwa binti wa jembe. Nikila chakula cha jioni nalala fofofo.

Enzi ya Mwingereza nikaolewa Kitendaguro, na kijana mwalimu. Kwa mila yetu Wahaya, mugole, yaani bibi arusi, hutunzwa ndani miezi kadhaa. Hashiki jembe, haoni jua. Anakula, anapakwa siagi, anapumzika, ili siku ya kutolewa nje watu waone ngozi inang'aa. Sifa ya mama mkwe yote iko kwenye ngozi hiyo.

Wageni walimiminika kunitazama. Kwetu mgeni hupewa akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Mama mkwe alikuwa na utaratibu wake: kila mgeni akitafuna, mugole atafune naye, kuonyesha kwamba amempokea. Kukataa ni kumtukana mtu. Na mimi mwenyewe nilikuwa mgeni mle ndani, ningekataaje? Asubuhi wifi, mchana majirani, jioni wanawake wa kanisani. Nilitafuna mpaka taya zikauma.

Usingizi ukanihama. Moyo ulikwenda mbio, majogoo wakanikuta macho. Haikupita wiki mbili viwiko vikaanza kuwasha. Ukurutu ukapanda shingoni, ukashuka nyuma ya magoti, ukafika mpaka kwenye kope. Ngozi ilipasuka ikatoa majimaji ya njano, nguo ikagandamana nayo, kuivua nikawa nalia. Chini ya macho pakawa peusi, uso ukanywea. Nilijikuna kwa kuwa silali, na sikulala kwa kuwa najikuna. Mama mkwe alipoona hivyo akaongeza siagi. Joto likazidi, na harufu pia.

"Umelala, mwana wange?" aliniuliza kila asubuhi.

"Nimelala, mama."

Nilidanganya. Mugole asiye na kazi yoyote alalamike kwamba hana usingizi? Niliona aibu.

Ndipo akaja shangazi wa mume wangu. Aligeuza shingo yangu, akaangalia, akajipangusa vidole. "Huu ni ukoma," akasema. "Mrudisheni kwao Kimwani kabla hajamwambukiza kijana wetu."

Mume wangu alikuwepo, akatoka nje. Iliniuma kuliko vidonda. Nikirudishwa na jina hilo, nani angekula chakula changu? Wadogo zangu wa kike nao nani angewaoa?

Mama mkwe akasema, "Nilimpokea mimi. Aangaliwe kwanza." Kesho yake alinifunika shuka mwili mzima, tukatembea polepole mpaka hospitali Bukoba mjini.

Daktari alikuwa Mzungu, na muuguzi Mhaya akitafsiri. Aliniambia nifumbe macho, akagusa mabaka moja moja kwa ncha ya sindano. "Unahisi?"

"Nahisi, waitu, bwana mkubwa!" Niliruka. Akapapasa mishipa ya mikono, akatazama masikio, halafu akatabasamu. Muuguzi akatafsiri: "Mabaka ya ukoma mara nyingi huwa na ganzi. Yako yako hai. Huu ni ukurutu."

Mama mkwe alikaa chini sakafuni, akalia.

Muuguzi akauliza, "Unapata usingizi?" Nilimtazama mama mkwe, kisha nikasema kweli. "Sipati hata kidogo." Akauliza ninachokula. Nikataja ndizi, maziwa, samaki na akamwani.

"Akamwani kiasi gani?"

Mama mkwe akaanza kuhesabu wageni kwa vidole. Vidole vikamwishia. Muuguzi akashika kichwa. "Mama, umemkeshesha mwenyewe! Ngozi hujitengeneza mtu akiwa usingizini. Asipolala inazidi kuwasha, na akijikuna haiponi."

Nikalazwa. Walinikata kucha, wakanipaka dawa nyeupe, siagi na kahawa wakavipiga marufuku. Siku za kwanza kichwa kiliniuma sana kwa kukosa kahawa. Halafu mchana mmoja nikalala, muuguzi akaja kutazama kama bado napumua. Wiki ya pili majimaji yalikauka, magamba yakadondoka, chini yake pakaonekana ngozi mpya, laini. Weusi wa macho ukafifia. Nilijishika shavu nikacheka peke yangu.

Tuliporudi, mama mkwe aliweka kiti chake mlangoni. Wageni aliwapa kahawa huko huko nje. Shangazi akafoka, "Tangu lini mgeni akazuiwa?" Akajibiwa, "Tangu nilipokaribia kumuua mtoto wa watu kwa heshima." Mume wangu aliniomba radhi. Nilimsamehe, ingawa si siku ile ile.

Namshukuru Mungu, namshukuru muuguzi yule. Ukurutu haukuniacha kabisa; nikikesha na mgonjwa siku chache, viwiko huanza tena. Basi ukiona mabaka nenda hospitali, usihukumiwe na shangazi. Hata ukiwa ukoma kweli, siku hizi una dawa. Na mtoto akijikuna, kabla ya kumpaka chochote, muulizeni anavyolala.

Siku ya kutolewa nje watu walijaa uani. Kwaya ilikuwa tayari, mchungaji ameketi, mimi nikapitiwa na usingizi ndani. Shangazi akataka niamshwe, watu wasije wakaondoka.

"Mwacheni alale," mama mkwe akasema. "Anayetaka kuondoka aondoke. Huyu haondoki."