Ala Mia Mbili Nyeusi

Mjomba hakuacha kitu cha ngozi kimpite bila kukikunja karibu na sikio. Mkanda, kiatu, hata mkoba wangu wa chuo: alikunja, akasikiliza, akanirudishia. "Huu unalia. Una kiu ya mafuta." Mkewe alimtania, "Mimi nalia mwaka wa ishirini sasa, mbona hunisikii?"

Alishona ala za bastola katika karakana ya jeshi. Alipoajiriwa zilikuwa za kahawia, zenye kifuniko kipana kilichoifunika bastola yote. Kisha wakaja wakubwa wapya, wakataka viatu, mikanda na ala, vyote viwe vyeusi. Ngozi mpya haikuwepo. Mjomba akapewa ala mia mbili za kahawia azigeuze. Fundi wa meza ya pili, waliyemwita Gundi, akapewa mikanda.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unatoa mafuta ya zamani, unapaka rangi, unaanika kivulini siku kadhaa, halafu unailisha ngozi mafuta tena mpaka ilainike. Zile zilianikwa juani. Zilitoka nyeusi tii, mjomba akasifiwa mbele ya gwaride. Gundi alitia bastola katika mojawapo, ikambidi aivute kwa mikono miwili.

"Fundi, hii imeng'ata."

"Italegea ikivaliwa. Wewe maliza mikanda yako."

Mwana wa pekee wa mjomba, askari, alivaa mojawapo ya ala zile kwenda mpakani. Miezi minne baadaye tulimzika. Askari mwenzake alipoleta begi lake, mjomba hakuuliza alikufaje wala saa ngapi.

"Bastola yake mliikuta wapi?"

Yule askari akatazama sakafu. "Ndani ya ala, mzee."

"Kifuniko kimefungwa?"

"Kilikuwa wazi."

Mkewe alidhani hilo ni jambo dogo. Mjomba alijua maana yake: mkono ulifika, bastola ikagoma kutoka.

Aliendelea kwenda kazini kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Ala za nailoni ya kijani zilipoingia na meza za ngozi kufungwa, wenzake walinung'unika. Yeye alikunja aproni yake, akasema afadhali. Nyumbani, tulipoelewa kwamba anajilaumu kwa zile ala, tulimtetea kila mara. Amri ni amri. Wakubwa walimharakisha, angefanyaje? Tuliyasema hayo miaka kumi na mmoja, naye alitusikiliza macho chini, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Mapafu yalipomshinda nilikwenda kumuuguza. Alasiri moja, nikimpa dawa, niliyarudia yale yale.

"Mjomba, jisamehe. Si walikupa haraka?"

Akakisukuma kijiko.

"Walinipa mwezi mzima, mama. Jua nililitaka mwenyewe, nimalize kabla ya Gundi."