Bahari ya Kichuguuni

Nilikwenda Bokoli kumwambia mama kwamba nimeacha kuandika.

Asubuhi ile mhariri alikuwa amenipigia simu nikiwa Kitale, naanika mahindi. Ati watoto wanataka kitabu kingine cha bahari. Bahari! Mtu nimezungukwa na mahindi mpaka dirishani, na hiyo bahari yenyewe nimeiona mara moja tu, safari ya walimu, siku mbili nikiugua tumbo. Kutokana na siku hizo mbili nimekamua kaa, pweza, kasa na nyangumi mwenye mafua. Nimechoka, jamani. Kichwa kimekauka kama gunzi.

Mama nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu chake. Alishakijengea kibanda cha fito na kukifunika blanketi, akaacha tundu moja la mwanga na chini yake chungu. Kwetu kumbikumbi hawasubiriwi, wanadanganywa: unagonga vijiti taratibu, nao huko chini wanadhani mvua imenyesha, wanatoka.

"Umefika? Shika hivi," akanipa vijiti viwili, yeye akabaki na vyake. Hata chai sijaonja.

Nikagonga. Mkono ukaniuma, jua likanichoma kisogo, na chungu kikabaki kitupu.

"Wamejua ni uongo," nikasema.

"Si wewe ndio unagonga kama mtu wa kudai deni. Mvua gani hiyo?"

Hapo nikamwaga yote. Kwamba sina hadithi tena, kwamba kesho nampigia mhariri nimwambie basi. Nilitaka anionee huruma, angalau aseme pole. Yeye aliendelea kugonga tu.

"Hiyo bahari yako," akasema baadaye, "inaliaje?"

Miaka yote hiyo vitabu vyangu vimekaa kabatini kwake, vimefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe, na yeye kusoma hajui. Sikuwahi kumsomea hata kimoja. Wala yeye hakuwahi kuniomba.

"Inakuja polepole," nikamwambia. "Inapanda, inaanguka, halafu inarudi ikijikokota."

Nikamgongea: taratibu, kwa nguvu, kisha nikaburuta vijiti juu ya fito. Mama akaweka vyake chini, akafumba macho.

"Kumbe," akasema.

Nikagonga tena. Sijui ni bahari au ni jua lililopungua ukali, lakini kumbikumbi wa kwanza akatokeza tunduni, akateleza, akaanguka chunguni. Kisha wengine, wakimiminika. Nikapiga kelele, "Mama, wametoka!"

Mama yangu, anayependa kumbikumbi kuliko nyama ya kuku, hakufumbua macho.

"Wacha hao," akasema. "Hapo maji yamerudi. Sasa huyo kaa amebaki wapi?"

"Kaa gani?"

"Si kuna kaa kwa picha ya kitabu. Amebaki peke yake kwa mchanga. Halafu?"

Mikono ilikuwa inaniuma mpaka mabegani. Nikashika vijiti tena, maana mama alikuwa anangoja.