Mguu Ulioonekana Buffalo

Msimu haujaanza, mpira haujapigwa hata mmoja, na tayari kila mtu anajua utakavyoisha. Hilo ndilo jambo la mpira wa Kimarekani ambalo sitalizoea. Kila mwezi wa saba, joto la Louisville likiwa limekaza kweli, mwandishi mmoja wa michezo hapa kwetu huzipanga shule za wilaya yetu, ya kwanza hadi ya mwisho, kabla watoto hawajavaa zile kofia ngumu. Mwaka huo shule ya binti yangu aliiweka mkiani. Ulinzi wao ni dhaifu, aliandika, na mpigaji wao ni msichana ambaye hajajaribiwa.

Msichana huyo ni wangu. Kupiga mpira alijifunzia nyuma ya nyumba zetu za kupanga, mtaa wa Okolona, akicheza soka na binamu zake. Kocha alimwona akamwita kwenye timu ya wavulana. Kazi yake ni moja: wenzake wakishindwa kufika mwisho wa uwanja, yeye anaitwa, anaupiga mpira upite katikati ya nguzo, anatoka. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile.

Mwandishi ningemvumilia. Walionishinda ni ndugu zangu. Sisi watu wa Fizi tuliokimbia vita tukapitia kambi ya wakimbizi hatuanzi jambo bila kulipeleka kwenye maombi, na likishapelekwa, lazima kuna mtu ataonyeshwa kitu. Dada yangu wa Reynoldsburg, kule Columbus, alipeleka jina la mtoto kwa waombezi wa kanisa lake, na kabla Jumapili haijaisha akanipigia: wamemwona amebebwa juu, na chuo kikuu kinamngoja, tena bila ada. Nikamshukuru, nikaenda kulala. Kesho yake akapiga kaka yetu mkubwa, kutoka Buffalo.

"Bon, mimi nimeonyeshwa," akasema. "Nimeona mguu ya mutoto iko juu, kiisha watu wote wakanyamaza. Donc, asicheze."

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mpigaji huinua mguu, na watu hunyamaza. Akasema nabishana na Roho.

Kwetu kaka mkubwa ni baba. Binti yangu ni mtoto wake kabla hajawa wangu, na unabii ukishatamkwa, mzazi anayeupuuza atajibu mwenyewe yatakayotokea. Basi simu haikutulia tena. Dada alisema maono ya Buffalo yametoka kwa shetani. Kaka akasema waombezi wa Columbus wanakula kwanza ndipo wanaomba. Wakaanza kufunga wote wawili, kila mmoja akimwomba Mungu amnyamazishe mwenzake, na mimi huku ghalani napanga maboksi, simu inatetema mfukoni. Mke wangu alikosa usingizi. Kocha alitaka jibu kwa sababu mazoezi yalikuwa yanaanza, na binti yangu akawa ananitazama tu mezani. Nilichoka. Nilichoka na maono, nikachoka na mwandishi, nikachoka na watu wanaoijua kesho ya mtoto wangu kuliko wanavyojua anavaa kiatu namba ngapi.

Mwishowe, wakati wa mapumziko ya chakula, nilitoka nje ya ghala nikampigia kaka mwenyewe.

"Kaka, msimu haujaanza. Gazeti limeshaumaliza. Columbus wameshaumaliza. Na wewe umeshaumaliza. Mwacheni mtoto naye aucheze."

 Kisha akauliza, "Unakumbuka mimi nilivunjika mguu wapi?"

Nilikumbuka. Ilikuwa kwenye uwanja wa vumbi wa kambi, yeye akiwa mshambuliaji ambaye kambi nzima ilimwimba. Gari la wagonjwa halikuja, na mzee mmoja akaufunga ule mfupa kwa vijiti. Uliunga vibaya. Mpaka leo kiwandani anasimama uzito wote upande mmoja.

"Siku ile watu walinyamaza pia," akasema. "Sijasahau."

Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Nilimhurumia, na bado nilitaka kumtikisa. Tulikuwa tumesumbua mbingu, miji mitatu na usingizi wa mke wangu.

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba unaogopa?"

"Mwanaume anasemaka vile?"

 Kwetu, kweli, hasemi. Anaonyeshwa.

"Atacheza, kaka," nikamwambia. "Na wewe utamwangalia."

Jioni ya mchezo wa kwanza nilisimama kando ya uwanja, simu mkononi, kaka yangu kwenye kioo akiwa bado na koti la kiwandani. Binti yangu akaitwa. Uwanja ukanyamaza. Kwenye simu nilimsikia kaka akivuta pumzi na kutoitoa. Mtoto akapiga, nami nikaupeleka mkono wenye simu juu kuufuata mpira, nao mpira ukapita nje kabisa ya nguzo. Nikawaza dada atapata la kueleza.

"Acha mupira," kaka akasema. "Nionyeshe mguu yake."

Nikaishusha simu hadi kwenye miguu ya binti yangu, iliyokuwa inarudi mbio kwenye benchi, na kaka akaitazama mpaka ikafika.